Mkufunzi anayefundisha kusimama kabla ya kukimbia

Saa kumi na moja alfajiri, kifuniko cha birika kinagongagonga jikoni. Mama mmoja, mshonaji wa sare za shule, anamimina maji moto kwenye ndoo, anaifunika kwa taulo na kuibeba hadi nyumba ya tatu. Tangu ile ajali, siku yake huanza hivyo.

Jumamosi huwa mkufunzi wa makocha. Huwafundisha watu wa kujitolea namna ya kuwanoa vijana wenye ulemavu wa akili, wakicheza timu moja na wasio na ulemavu. Wanamwita Bibi Filimbi kwa utani, maana filimbi hataki hata kuisikia. Wachezaji wengine wakiisikia huziba masikio na kujilaza chini.

Somo lake la kwanza ni hili: mpeleke mchezaji kwa miguu hadi mahali pa kusimama, apaone, apakanyage. Ndipo umwambie akimbie.

Mwezi uliopita kocha mgeni, kijana fundi baiskeli, alilisahau. Alimwambia binti wanayemwita Mshale, "Kimbia, usiangalie nyuma!" Mshale akatii. Akapita mstari, akapita lango lililoachwa wazi, akaingia barabarani. Lori likamvunja mguu.

"Mtoto hakukosea," anasema Bibi Filimbi. "Alifanya alichoambiwa. Tuliokosea ni sisi."

Daktari anasema huenda asikimbie tena. Mama yake amekata shauri: uwanjani harudi, hata kutazama. Wazazi wengine nao wamewafungia watoto wao ndani. Wachezaji waliobaki ni watatu.

Leo fundi baiskeli amemfuata Bibi Filimbi hadi nyumba ya tatu, kwa kina Mshale. Anasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Huyu naye kafuata nini?" anauliza mama Mshale.

"Kaja kumbeba Mshale, mdogo wangu. Migongo yetu sisi imeshastaafu."

"Simtaki."

"Shikamoo, mama," anasema kijana. Haitikiwi.

Mshale anainua kichwa kitandani. "Kocha! Nilikimbia sana, eh?"

"Sana, Mshale."

"Uliniona?"

"Nilikuona." Anaikunja kofia mkononi.

Mama Mshale anamtazama, kisha anasogea pembeni kidogo. Kijana anaingia, anamwinua Mshale taratibu, na mama anaushika mguu wenye plasta usigonge popote. Wanamkalisha kitini. Bibi Filimbi anaisogeza ndoo ya maji karibu.

Bibi Filimbi anataka makocha wapya waanzie majumbani kabla ya kugusa uwanja, wamjue mchezaji anavyooga, anavyoogopa, anavyoelewa. "Ningependa waanzie hapa, mdogo wangu, ukiridhia."

Mama Mshale anakamua kitambaa na kumfuta binti yake mgongo.

Wageni wanapovaa viatu ndipo anapofika mlangoni. Anazungumza na Bibi Filimbi, macho yake yakiwa chini.

"Kesho mje tena. Na huyo aje. Mambo ya uwanja sijasema kitu. Lakini aje."