Doa Moja Mfukoni

Kila asubuhi, kabla hata hajavua viatu vya njiani, mama mkubwa alifungua mlango wa mashine ya kufulia, akaingiza mkono mpaka begani na kulipangusa pipa la ndani kwa kitambaa cheupe. Alipangusa polepole, kama mtu anayemfuta uso mtoto aliyelala. Halafu alikipeleka kitambaa dirishani, kwenye mwanga. Kikiwa cheupe alisema "haya," akawasha. Sikuwahi kumsikia akiiambia mashine ile neno jingine.

Pale kwa dobi tulikuwa wachache. Mama mkubwa anafua, mama yangu, ambaye ni mdogo wake, anapiga pasi, mimi nakunja. Mwenye duka alikuwa mzee mfupi, mchangamfu, tuliyemwita Rangi Moja, ila si mbele yake. Zamani alinunua ndoo kubwa ya rangi ya fedha ya kupaka mageti, na tangu hapo hakuna kitu chake kilichopona. Alipaka mlango, benchi la wateja, baiskeli, mpaka mguu wa meza ya pasi. Mama alikuwa akisema tujitahidi kutikisika kidogo, maana tukisimama kimya sana na sisi tutapakwa.

Mashine ikianza kuzunguka, mama mkubwa alivuta kigoda akakaa mbele ya kile kioo cha duara. Alikuwa amefua kwa mikono miaka kumi na saba kabla ya mashine kuja, na vidole vyake vilibaki na mikunjo, kama vimetoka majini sasa hivi. Aliangalia mashuka yakipanda na kushuka humo ndani. Siku moja nilimwuliza anaona nini. Akasema anaona watu wanahama. Wamebeba kila kitu chao na hawafiki.

Basi, Jumanne moja kitambaa kilitoka na mstari wa kahawia, mwembamba kama unywele. Alikiangalia sana. Akamwita Rangi Moja, akamweleza kwamba kuna mahali ndani pamekwaruzwa, labda na zipu, chuma kimebaki uchi na kimeanza kushika kutu, aitwe fundi kabla nguo za watu hazijaharibika. Rangi Moja aliinama akachungulia, akacheka. Eti hicho tu. Akaenda nyuma akarudi na brashi yake. Mama aliziba mdomo kwa shuka asisikike akicheka. Mama mkubwa hakucheka. Alimwambia rangi ile ni ya geti, haitavumilia maji ya moto. Akajibiwa, "Dada'angu, wewe fua. Mambo ya chuma niachie mimi."

Baada ya kupakwa, siku kadhaa kitambaa kilitoka cheupe. Aliendelea kupangusa, ila neno lake la "haya" lilikuwa linachelewa.

Sasa kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, bibi mwembamba wa sauti ndogo, ambaye kila baada ya miezi michache alileta shati moja jeupe la kiume. Lilikuwa la marehemu mume wake. Halivaliwi na mtu. Anasema huwa analitundika karibu na dirisha, upepo ukiingia linajaa kifua, na yeye anakunywa chai yake. Shati hilo mama mkubwa hakuliweka kwenye mashine hata siku moja. Alilifua kwenye beseni, kwa viganja, na akilifua hatukuongea, sijui kwa nini. Tulijikuta tu tumenyamaza.

Alhamisi moja, shati likiwa limeletwa, mama mkubwa alikwenda kununua sabuni. Rangi Moja alitaka kuonekana mwenye bidii, akalichukua shati akalitupia mashineni pamoja na mashuka. Katikati ya kufua umeme ukakatika. Mlango wa mashine ukajifungia na maji ndani, na haukufunguka mpaka Ijumaa asubuhi.

Ulipofunguka, rangi ya fedha ilikuwa imebanduka na kuelea juu ya maji kama magamba ya samaki. Ilipendeza, nasema kweli. Shati lilikuwa chini kabisa, limegandia pale penye mkwaruzo. Lilikuwa na madoa matatu, rangi ya chai ya rangi: kwenye ncha ya mkono, kwenye pindo, na mfukoni, upande wa moyo.

Mama mkubwa aliliinua akalishika kwa mikono miwili. Alivaa viatu vyake akaenda kutafuta ndimu. Aliporudi alimkuta Rangi Moja na chupa ya dawa ya kung'arisha, ameshamwagia mfukoni. Doa halikuondoka. Lilikuwa limekolea, limegeuka rangi ya kiini cha yai.

"Kutu haitaki dawa hiyo," mama mkubwa alisema taratibu. "Hapo umelifungia ndani."

Rangi Moja akaificha chupa nyuma ya mgongo, kama sote hatujaiona.

Siku nzima tulikuwa uani. Mama mkubwa alichemsha maji kwenye sufuria, akaitandaza ncha ya mkono wa shati juu ya mvuke, akakamua ndimu, akanyunyiza chumvi, akaanika juani, akasuuza, akaanza tena. Mvuke ulimpanda usoni, na kwa mbali ungedhani yeye ndiye anayeyeyuka. Kufika saa tisa doa la mkononi lilikuwa limekwenda. La pindo nalo likapauka, likapauka, nikapepesa macho halipo. La mfukoni alilirudia mara tano. Lilibaki palepale.

Jumamosi asubuhi Rangi Moja alikuwa na mpango. Shati likunjwe mfuko uwe ndani. Mwalimu akiuliza, aambiwe lilikuja hivyohivyo, na aseme mama mkubwa, kwa sababu yeye anaaminika. Aliongea akiangalia kiatu chake. Aliongeza kwamba habari ikitoka wateja watakimbia, na wateja wakikimbia, mama mkubwa na mdogo wake wote watakaa nyumbani. Mama akainua pasi akaishikilia hewani. Mama mkubwa alichukua kitambaa chake, akapangusa pipa, akakiangalia dirishani. Mstari ulikuwepo, mpana kama kidole. Hakusema "haya." Rangi Moja akawasha mwenyewe.

Mwalimu aliingia saa nne. Alikaa kwenye benchi la fedha, akalipokea shati mapajani na kulifungua palepale, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Labda alitaka tu kulishika. Akauona mfuko.

"Lilikuja hivyohivyo, Mwalimu," Rangi Moja akawahi. "Muulize dada."

Mwalimu hakumuuliza. Alipitisha kidole juu ya doa, akarudia, na uso wake ukaanza kushuka kidogokidogo.

"Basi ni mimi," alisema. "Ile henga ya waya. Nimelitundika na unyevunyevu. Miaka yote nalitunza, halafu nimeliharibu mwenyewe."

Mashine ilikuwa inazunguka. Mama mkubwa alikuwa kwenye kigoda, mgongo kwetu, anaangalia watu wake wanaohama. Akasimama. Akaja akachuchumaa mbele ya Mwalimu, wakawa sawa macho kwa macho.

"Siyo wewe, mama," alisema. "Ni sisi. Mashine yetu ina kutu, tukaipaka rangi badala ya kuitengeneza. Yalikuwa madoa matatu. Mawili nimeyatoa. Hili limenishinda."

Akampa kile kitambaa, aone mwenyewe. Mwalimu aliutazama ule mstari, akatazama mfuko, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyeteremsha mzigo. Akaushika mkono wa mama mkubwa, vile vidole vyenye mikunjo. Halafu akalikunja shati, doa likiwa juu, akaaga, akaenda.

Rangi Moja alisubiri mpaka mlango ulipofungwa. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kuumia kwamba kama mashine yake ni mbovu kiasi hicho, basi mtu akafulie nyumbani kwake.

"Nimesikia," mama mkubwa akasema.

Alivua aproni akaitundika msumarini, akainyoosha isikae upande. Alimgusa mama bega na kumwambia abaki, mmoja wetu anatosha kukaa nyumbani. Mimi alinipa kile kitambaa, akaniambia kila asubuhi, kabla ya kuwasha. Akavaa viatu vyake vya njiani. Nilimfuata kwa macho kupitia dirishani. Jua lilikuwa limewaka mno, barabara yote nyeupe, na alitembea bila haraka katikati ya weupe ule, mikono mitupu, mpaka macho yangu yakashindwa kumtofautisha na mwanga. Pale kwa dobi hakurudi tena.