Asali Isiyoua Mti

Jambo hili nalisema kwa haya. Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mwandishi wa matangazo katika ushirika mmoja wa asali mjini Tabora. Nilizaliwa mjini, na pori nililijua kwa kulitazama tu kupitia dirisha la treni.

Tuliposikia kwamba mnunuzi mkubwa kutoka Dar es Salaam anajali sana misitu, niliandika bango: "Asali yetu haiui hata mti mmoja." Nyuki hakati mti, nilijiambia, na sikumuuliza mtu. Meneja akalisifu. Kichwa kikanivimba, nikamwita Ndugu Maganga, mrina asali wa Usoke, aje na mzinga wake kwenye maonyesho ya asali, tuuweke chini ya bango.

Siku ya maonyesho mnunuzi aliinama akaupapasa ule mzinga.

"Ndugu, huu umetengenezwa kwa kitu gani?"

"Gome la mti," akajibu Maganga, bango likiwa kisogoni kwake.

Nikakohoa, nikamkonyeza. Akadhani namhimiza aeleze zaidi.

"Tunalibambua zima, kuzunguka shina lote."

"Na mti wenyewe?"

"Unakauka, ndugu. Mzinga mmoja, mti mmoja. Mwaka huu nimetengeneza arobaini."

Mnunuzi akainua macho, akalisoma bango kwa sauti, polepole, huku meneja akisikiliza. Kisha akauliza ni nani aliyeliandika.

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Maganga, kwa moyo mweupe kabisa, akanishika bega na kunisogeza mbele.

"Ni huyu ndugu yetu," akasema. "Msomi sana."