Msimu wa Swala Ambao Delmar Aliusahau

Ungetafuta mtu wa kukupeleka kuwinda ng'ambo ya dunia kwa bei ya trekta bovu, jimbo zima la Wyoming, Marekani, ungeelekezwa nyumba moja tu, ile yenye pembe juu ya mlango wa gereji, kwa Delmar Tveit, fundi wa kuchomelea mabomba. Na aliyekuelekeza angekuwa Delmar mwenyewe, kwa sababu habari hizo hakuna aliyezitangaza kumshinda yeye. Alizitangaza kanisani, alizitangaza kwenye foleni ya dizeli, na kuna siku aliwahi kumnong'oneza mfiwa habari za tandala wa Namibia huku jeneza halijashushwa.

Siri zake zilikuwa tatu, na kwa kuwa ni siri, mji mzima ulizijua. Nenda mwisho wa msimu, matajiri wakiwa wamevunja safari na mwenye shamba kabaki na vitanda vitupu. Mgawane mwongozaji mmoja watu wawili. Na pembe ziache hukohuko, maana kusafirisha kichwa kilichokaushwa ni ghali kuliko mnyama mwenyewe akiwa hai.

"Umewapeleka Afrika mafundi bomba, umempeleka kinyozi, umempeleka hadi mchungaji," mkewe Marlys alikuwa akimwambia. "Mimi mwenzako sijafika hata baharini."

"Baharini hakuna tandala, mke wangu."

"Na wewe pia usingekuwepo huko. Ndiyo raha yenyewe."

Lakini kabla ya tandala na choroa, wale swala wakubwa wa Afrika, na makuu yote hayo, palikuwa na swala wa nyumbani. Ni wale wa nyika ya vichaka vya kijivu nyuma ya mji, wenye makalio meupe na pembe zilizojikunja kama ndoano, wanaokimbia kama waliosikia watakatwa kodi. Kila vuli, miaka thelathini na mmoja mfululizo, Delmar aliwafuata pamoja na marafiki zake wawili. Mmoja alikuwa Orrin Pacheco, dereva mstaafu wa gari la kusukuma theluji barabarani. Wa pili alikuwa Gus Etcheverry, mfuga kondoo wa ukoo uliotoka mpakani mwa Hispania na Ufaransa, Mbaski wa kurithi na mbishi wa kuzaliwa. Walikuwa na kigongo chao, mwinuko mdogo wa nyika, na juu yake jiwe lao la kuegemea. Swala akianguka walimpasua upesi na kumjaza mifuko ya barafu tumboni, kwa sababu nyama ile ukiiacha juani huoza kabla hujamaliza kujisifu, na kwa Delmar hiyo ilikuwa hatari ya kweli.

Tatizo ni kwamba swala wale hawawindwi kwa kutaka tu. Jimbo huchezesha bahati nasibu ya vibali, na maombi hufungwa mwanzoni mwa Juni. Marafiki wanaotaka kwenda pamoja huomba kwa fomu moja ya kundi, wakipata wamepata wote, wakikosa wamekosa wote. Mkubwa wa kundi ndiye huituma. Orrin na Gus kompyuta waliiona kama nyoka, basi kwa miaka yote hiyo mkubwa wa kundi alikuwa Delmar.

Mwezi wa Aprili Orrin aliingia gereji, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akavua kofia.

"Daktari anasema jicho linakufa katikati," alisema. "Pembeni naona. Katikati ni kama mtu kapaka grisi kwenye kioo."

Delmar akazima mashine ya kuchomelea. "Lipi?"

"La kulia. Na la kushoto linalifuata nyuma kama kondoo wa Gus. Vuli hii bado naweza kulenga, anasema. Vuli ijayo nitakuwa nawapiga ng'ombe wa watu."

"Kwani miaka yote hii ulikuwa unapiga nini?"

Wakacheka. Kisha Orrin akaacha kucheka kabla ya mwenzake.

"Delmar, leo sikutanii. Nataka msimu mmoja. Hapohapo kigongoni kwetu, na nyie wawili mnanipigia kelele. Basi."

"Utaupata, mzee wangu. Niachie mimi."

Na hakusema uongo, wakati ule. Mwishoni mwa Mei alikaa mezani jikoni, akaijaza fomu yote, akaingiza jina la Orrin, akaingiza la Gus, ikabaki kubonyeza neno moja tu la kutuma. Hapo hapo simu ikalia kidogo. Alikuwa Reinhold, mwenye shamba la Namibia. Kundi fulani limevunja safari ya Agosti, vitanda viwili viko wazi, bei imeshuka mpaka aibu. Nani anavitaka?

Ukimwambia Delmar habari ya bei iliyoshuka, umemfungulia fisi mlango wa bucha. Alisukuma fomu pembeni. Alipiga simu alfajiri, kwa kuwa huko Namibia jua lilikuwa limekwisha panda, akabishana na Reinhold juu ya mafuta ya gari na juu ya chumba. Akatafuta tiketi za ndege, akapata moja ya kusimama viwanja vitatu, akaifurahia kama aliyeokota. Siku saba alikuwa Afrika, mwili tu ndio uliobaki Wyoming ukila viazi vya kukaanga vya Marlys.

Aliporudi kwenye fomu, maombi yalikuwa yamefungwa siku mbili nyuma. Fomu ilikuwa palepale, imejazwa vizuri, haikosi nukta. Alipiga simu ofisi ya vibali. Mama aliyepokea alimsikiliza mpaka mwisho, akasema pole, akasema haiwezekani.

Mpaka hapo lilikuwa kosa tu. Kosa la kijinga, lakini la binadamu.

Katikati ya Juni Orrin akapiga simu. "Matokeo yametoka, nasikia. Vipi?"

Delmar alikuwa amesimama karibu na dirisha. Ulimi wake, uliowauzia watu bara zima, haukupata maneno mawili ya kweli.

"Tumekosa, mzee. Mwaka huu bahati imetupita."

"Wote?"

"Si kundi moja? Wote."

Upande wa pili ikasikika redio ya Orrin ikitangaza bei ya mitamba. Kisha akauliza, "Na vibali vya mabaki, vile visivyopata mtu kwenye bahati nasibu? Si huwa wanauza Julai?"

"Nimeshatazama," alisema Delmar, ambaye hakuwa ametazama. "Ni vya mashamba ya watu, huko mbali, hakuna wa kukufungulia geti. Wewe nisikilize. Nina kitu kikubwa zaidi. Namibia, Agosti. Nakupeleka mimi, hutoi hata senti."

"Mimi nilitaka swala wa hapa."

"Choroa naye si ni swala? Tena mmoja wa kule ni watatu wa hapa!"

Marlys alikuwa anasuuza vikombe. Alisubiri mumewe aweke simu, akasema bila kugeuka, "Mwambie ukweli leo, Delmar. Kesho utakuwa mzito zaidi." Delmar akajibu kuwa kesho atamwambia.

Wakaenda Namibia. Orrin alikuwa mgeni mwema kupita kiasi. Aliisifu nyama ya kuchoma, aliusifu ubaridi wa asubuhi, alijifunza kulitamka jina la mfuata nyayo wao, Mherero mmoja mrefu mwenye maneno machache aitwaye Tjikuua. Siku ya tatu Tjikuua aliwasogeza hatua themanini tu kutoka kwa choroa mzee aliyejitenga, akasimamisha miti mitatu ya kuegemeza bunduki, akamgusa Orrin bega. Orrin alichukua muda mrefu, shavu kwenye kitako cha bunduki, kisha akapiga. Choroa alikwenda hatua ishirini, akalala.

"Umeona!" Delmar alipiga makofi. "Nani kasema jicho limekufa?"

"Mnyama mzuri," alisema Orrin. Akamshukuru Tjikuua, akapiga picha. Uso wake ulikuwa ule wa mtu aliyepewa koti zuri la mtu mwingine.

Walirudi shambani mchana, wamekaa nyuma ya pikapu pamoja na mzoga, vumbi jekundu likiwafuata.

"Nimekuwa nikiwaza, Delmar," alisema Orrin. "Yule mkwe wangu ananiita mkosi. Juzi gari, kabla yake figo, sasa macho. Labda ni kweli. Labda jina langu ndilo lililowakosesha. Mwakani niondoeni kwenye kundi, mwombe wewe na Gus peke yenu. Msikose tena kwa ajili yangu."

Delmar alishika ubao wa pikapu. Angeweza kucheka. Angeweza kumtania, na njia ingeisha.

"Hatukukosa," alisema. "Hatukuomba. Fomu sikuituma. Nilikuwa napanga safari hii hii, siku zikapita."

Orrin aliugeuza uso pembeni, kama siku hizi anavyofanya akitaka kumwona mtu, akamtazama kwa ukingo wa jicho.

"Na ukaniambia bahati."

"Ndiyo."

"Na vile vya mabaki?"

"Sikutazama."

Gari liliruka mtaro. Mguu wa choroa ukampiga Delmar gotini na hakuusogeza.

"Kusahau, watu wanasahau," alisema Orrin mwishowe. "Mimi nilimsahau mwanangu shuleni siku ya theluji. Lakini ungeniambia Juni ile, Delmar. Julai ningejipanga mwenyewe. Ningewinda hata jike moja la vumbini, nyuma ya dampo, ningefurahi." Akaligonga paa la gari lisimame, akashuka, akaenda kukaa mbele na Tjikuua.

Nyumbani, kabla hata hajafungua begi, Delmar alitafuta orodha ya mabaki ya Julai. Vilikuwepo vibali kumi na tisa vya eneo la jirani, upande wa pili wa kigongo kilekile, kwenye ardhi ya umma isiyo na geti. Vilikwisha ndani ya juma moja. Gus alipoambiwa alimtukana kwa Kibaski, muda mrefu, kisha akarudia kwa lugha ya kueleweka ili kisipotee kitu. Watu wawili walikuja gereji kuulizia safari za mwakani. Marlys aliwaambia mume wake hajisikii vizuri, na haukuwa uongo.

Siku msimu ulipofunguliwa, Delmar alikwenda kwa Orrin na chupa ya kahawa. Hakuwa amealikwa. Orrin alitoka amevaa kofia ya rangi ya machungwa ya wawindaji.

"Ya nini hiyo, na hatuna bunduki?"

"Walio nazo wasije wakanidhani swala," alisema Orrin, akapanda gari. Delmar akaendesha mpaka kigongoni kwao.

Walikaa kwenye jiwe lao. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya vichaka. Orrin aliinamisha kichwa upande mmoja, akakisogeza, akakata tamaa.

"Niambie," alisema.

"Kuna dume pale, mzee, sijapata kuona pembe kama..."

Orrin aliinua kiganja. "Yaliyopo tu."

Delmar akatazama tena. Akaanza upya.

"Kumi na mmoja. Tisa majike. Mmoja mtoto. Na dume mdogo, pembe hazijapita masikio. Wako karibu na seng'enge. Wanainama, wanapita chini yake, mmoja mmoja."

"Hawaruki."

"Hawaruki."

Mlio wa bunduki ukatoka upande wa pili wa kigongo, ukazunguka nyikani.

"Nani huyo?" aliuliza Orrin.

"Sijui. Watu wenye vibali."

Orrin akatikisa kichwa taratibu. Aliendelea kutazama, uso kaugeuzia kando, mikono magotini.

"Bado wapo?"

Delmar alitamani sana kusema ndiyo.

"Hapana," alisema. "Wameshaondoka."