Nta Katika Sanduku la Mnyororo

Niliiba nta ya baba nikaipaka ndani ya sanduku la mnyororo la Mdachi. Nakiri mapema, maana namjua rafiki yangu Ayo: akisoma hapa atasema yeye ndiye aliyepaka. Hakupaka. Yeye alikuwa juu ya mti akilinda, yaani akila ndizi.

Ninyi tuliokaa nanyi benchi moja, msinicheke nikisema nami nina enzi zangu, eti kwa sababu kidevu changu kina ndevu nne. Ninazo. Tulikuwa tunakwenda ziwa Duluti uchi kama vyura, tunafukuza kenge, tunarudi tumekaukia juani na magoti meusi kwa udongo wa mlima. Mama alikuwa ananusa vichwa vyetu mlangoni. Ukinuka majani ya ziwani, loshoro ya mahindi na maziwa utaisikia harufu tu, na nyumba nzima ilinukia: moshi, maziwa mgando, na nta, maana baba alikuwa mchonga mizinga. Akimaliza kuchimba gogo la mringaringa, alipasha nta motoni akaipaka ndani ili nyuki waje wenyewe. "Nyuki haitwi," alikuwa anasema. "Anaandaliwa."

Sasa huyo Mdachi. Tulimwita Bwana Kofia kwa sababu hatukuwahi kuona kichwa chake. Aliunda kimashua cha tanga pale ufukweni, katika ziwa ambalo unalizunguka lote kwa miguu na makande bado hayajaiva. Mtu anataka tanga la nini hapo? Wazee walitikisa vichwa. Halafu wakaja wapagazi sita wakihema, wamebeba mnyororo mabegani, na ncha yake ina chuma chenye kulabu. Wanawake waliokuwa wanachota maji waliacha vibuyu wakasimama.

Mnyororo tuliujua. Nanga hatukuijua. Kaka yake mama alikamatwa kwenda kujenga boma la Arusha, akarudi na kovu limezunguka shingo, na tangu hapo hakuvaa hata shanga. Kwa hiyo mama aliposikia habari za wale wapagazi, aliweka mwiko chini. "Mzungu habebeshi watu sita chuma kile ili acheze majini," alisema. "Nendeni mkaone shingo ya ndugu yangu, halafu mniambie ni cha mashua."

Kesho yake Bwana Kofia akamwita nani? Baba. Alitaka sanduku chini ya sakafu ya mbele ya mashua, liwe imara, liwe kavu, na juu liwe na tundu dogo la kupitisha mnyororo. Mfuniko ukae ubavuni. Chini kabisa akataka pete ya chuma ya kufungia mwisho wa mnyororo. Baba akalichonga kwa siku tisa. Mimi na Ayo tulijificha kwenye magugu tukichungulia, na siku ya tisa nikamwona baba ameingia sandukuni, miguu tu inaonekana, na Bwana Kofia amesimama juu yake ameshika mnyororo.

"Baba yako amekwisha," Ayo alininong'oneza. "Kinachofuata ni shingo."

"Nyamaza wewe!"

"Mimi nimesema tu. Sanduku lenyewe linamtosha."

Baba alitoka. Alikuwa anakaza ile pete. Lakini mimi nilikuwa nimeshaamua. Bwana Kofia alipokwenda Moshi kufuata tanga, mnyororo akauacha umelala ndani ya sanduku. Nikaingia na nta. Nikapaka kila ubao kama nilivyomwona baba, nikawaandalia nyuki. Nilijisemea, mtu gani atakayetia mkono mle achukue mnyororo wa kumfunga baba yangu? Nilijiona nina akili kuliko boma zima.

Mwezi ulipopita, nyuki wakiwa wameshahamia, Bwana Kofia alirudi. Watu tulijaa ufukweni kutazama. Mashua ikasukumwa majini, Bwana Kofia na baba wakiwa ndani, tanga likapanda, na mita chache tu kutoka nchi kavu Bwana Kofia akanyoosha kidole: "Fundi! Wewe vuta mnyororo."

Hapo ndipo akili zangu zilipofika, zimechelewa, zinahema. Mkono utakaoingia ni wa baba. Sanduku ni kazi ya baba. Na kazi mbaya kwa Mdachi bei yake ilijulikana: hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na mnyororo wenyewe upo karibu.

"Baba, nyuki!" nilipiga kelele, nikakimbilia majini.

Baba akarudisha mkono. Bwana Kofia, asiyependa kazi kucheleweshwa, akaushika mnyororo mwenyewe akauvuta kwa nguvu zote. Wakatoka. Mashua iligeuka moshi wenye sauti. Bwana Kofia akaruka ziwani, na kwa mara ya kwanza tukaona kichwa chake: kina upara. Mimi walinikuta maji yakiwa kiunoni, wakanigawana masikio. Baba alilala kifudifudi, hakutikisika hata ukope, mpaka upepo ulipoisukuma mashua ukingoni. Akashuka, akawasha majani makavu ya mgomba, akawafukiza taratibu kama wageni wake.

Bwana Kofia alitoka majini, jicho moja limefumba. "Nani ametia nyuki?"

Baba alinusa ubao, akaitambua nta yake. Akanitazama mara moja tu.

"Bwana, uliniambia sanduku imara, kavu, lenye tundu dogo," alisema. "Kwetu huo ni mzinga. Nyuki hawajui Kidachi."

Bwana Kofia alimtazama baba, akanitazama mimi na masikio yangu. Tukangoja neno kiboko. Badala yake akatia kidole kwenye sega, akalamba. "Asali iko nzuri," akasema, akachukua nusu. Kisha akaamuru mashua irudishwe majini na nanga itupwe. Mnyororo ukapita tunduni ukilia kwa-kwa-kwa, na mashua ikasimama palepale kama mbuzi kambani. Kumbe!

Leo kile kimashua kimeoza na matete yameota ndani yake. Mnyororo haupo. Uliondolewa lini, ukaenda kufunga nini, sijasikia aliyeuliza. Wadogo zetu wa darasa la kwanza wanavaa shati, wanakimbia nyuki mmoja, na Mzungu akiwapa peremende wanaimeza kabla hajafumba mkono. Sisi tulinusa kwanza. Tulikosea, ndiyo, lakini tulinusa. Na natamani hata siku moja nirudi mlangoni pale, nivuke nikiwa na masikio makubwa kama majani ya mgomba, baba nyuma yangu akiwa mzima na sega mkononi.

Siku ile mama aliishika shingo ya baba, akaipapasa pande zote. Kisha akanikalisha, akanitoa miiba kwa kucha, mmoja mmoja. Alipomaliza alisema: "Kula asali kwanza. Halafu nenda kakate fimbo, na usiniletee nyembamba."