Mama Funguo agawa ufunguo mmoja, awahi kumpokea mjukuu

Saa nne asubuhi. Mama Funguo anachomoa kibanio chekundu kichwani, nywele zinamwangukia mabegani, naye anakibana kwenye ukingo wa kioo cha kompyuta yake. Wenzake ofisini wanasogeza viti vyao kando. Wote wanajua maana ya kibanio hicho: dirisha lililo wazi kwenye kioo kile lisiguswe wala lisifungwe, hata jengo likiwaka moto.

"Leo ni leo," anasema huku akisugua viganja. "Asemaye kesho mwongo."

Karibu na mlango limekaa begi lake, limevimba kwa nguo za mtoto mchanga. Basi linaondoka saa tisa alasiri. Kesho asubuhi, katika mji wa mbali, binti yake wa pekee atajifungua kwa upasuaji, na mama huyu ameapa kwamba safari hii atakuwepo. Lakini hatoki hapa mpaka kazi iliyo mbele yake ikamilike, nayo ni ya kuandika mstari mmoja tu.

Mama Funguo, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa, ni msimamizi wa mfumo wa kompyuta wa hospitali hii. Damu ikishapimwa maabara, majibu hupita kwenye seva yake, yaani kompyuta kuu ya hospitali, ndipo yamfikie daktari. Programu ya majibu ina tabia ya kugoma bila kuaga. Ikigoma, lazima aingie mtu mwenye mamlaka ya juu aiwashe upya, na mtu huyo ni yeye peke yake. Msaidizi wake alihama, na nafasi yake haikujazwa.

"Nimegeuka kitasa," anasema akicheka. "Kila anayetaka kupita lazima anishike."

Kicheko hicho kinapungua anaposimulia harusi ya binti yake. Maharusi walikuwa wanakata keki, simu ikaita. Alikimbia kazini na gauni lake la kumetameta, viatu mkononi. Aliporudi alikuta watu wanakunja viti.

"Juzi ameniambia, 'Mama, kama huji, niambie mapema nisikutazamie.' Hakunifokea. Afadhali angenifokea."

Dawa aliyoipata ni Mzee Wino. Huyu ni fundi wa printa, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye amekuwa akijifunza amri za seva wakati wenzake wanakula mchana. Mama Funguo anataka kumpa ruhusa ya jambo moja tu: kuiwasha upya programu ya majibu. Zaidi ya hapo, hapana.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," anasema. "Ila na vidole navyo huwezi kuvitia kila mahali."

Ruhusa hizo zimeandikwa kwenye faili dogo liitwalo sudoers, linaloeleza nani anaweza kufanya nini kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo. Ni faili lenye kisirani. Likiandikwa vibaya, mfumo hukataa kulisoma, na hapo hata msimamizi hufungiwa nje asiweze kuingia kulirekebisha.

Mama Funguo aliyaona hayo kwa macho yake alipokuwa karani wa masjala. Msimamizi wa wakati ule alilifungua faili hilo kwa programu ya kawaida ya kuandikia, akaruka koma, akahifadhi, akafunga kila kitu akaenda zake kunywa chai.

"Koma moja! Kutwa nzima tulibeba majibu mkononi, tunapanda ngazi, tunashuka ngazi. Madaktari wanatugombeza sisi. Nikajiuliza, kitu gani hiki chenye kiburi hivi? Nikasema lazima nikijue."

Akasoma, akafanya mitihani, akakijua. Ndiyo maana leo analifungua faili kwa visudo, programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Hulifunga faili ili watu wawili wasiliandike kwa pamoja, na hukagua maandishi kabla ya kuyapokea. Lile dirisha lenye kibanio nalo ni mlango wake wa nyuma. Humo ameshaingia kwa mamlaka kamili, na halifungwi mpaka mabadiliko yajaribiwe kwingine. Tahadhari kabla ya hatari.

Anaandika mstari wake. Anahifadhi. Kioo kinamjibu kwamba kuna kosa.

"Amenikataa!" anapiga kelele kwa furaha, kana kwamba ameposwa. "Umeona, Mzee Wino? Huyu ndiye rafiki. Anakwambia kabla hujaaibika."

Programu inauliza ifanyeje. Ukibonyeza e, unarudi kusahihisha. Ukibonyeza x, unaondoka na faili linabaki lilivyokuwa. Halafu kuna Q kubwa ya kuhifadhi hivyo hivyo na kosa lake, nayo imewekewa onyo la hatari.

"Hiyo Q naiheshimu kama waya wa umeme," anasema, na kidole chake kinakwenda kwenye e. Alisahau alama ya usawa. Anaiweka. Safari hii maandishi yanapokewa.

"Haya, jaribu, mzee wangu."

Mzee Wino, akiwa kwenye kompyuta yake, anaandika amri kwa vidole viwili. Jibu linakuja: huruhusiwi. Mabega yanamshuka.

"Mama, mimi na vitu hivi hatuna bahati. Niache na printa zangu."

"Bahati ya nini? Hii si bahati nasibu. Kaa hapo."

Anasema hivyo, lakini jicho lake linakwenda kwenye begi, kisha kwenye saa ya ukutani. Visudo hujua kama umeandika sawasawa, ila haijui kama umeandika ulichokusudia. Kwa hiyo analifungua faili tena na kulipitia mstari kwa mstari, kidole kikifuata kwenye kioo, midomo ikicheza. Ghafla anaruka kitini.

"Nimekupa juu, nikakunyang'anya chini!"

Faili husomwa kuanzia juu, na kauli ya mwisho ndiyo inayoshika. Chini ya mstari wake mpya ulikuwepo mstari wa zamani unaowakataza mafundi wote kila kitu. Anauhamishia wa kwake mwisho kabisa. Mzee Wino anaandika tena. Inakubali. Simu ya maabara inaita kuthibitisha kwamba majibu yanakwenda, na fundi huyo anasimama, anakaa, anasimama tena.

"Sasa jaribu kuzima seva nzima," anaamuru Mama Funguo.

"Mama! Unataka kunifukuzisha kazi?"

"Jaribu."

Anajaribu, anakataliwa. Hapo ndipo Mama Funguo anapiga makofi zaidi. "Mlango mmoja! Mmoja tu!"

"Afadhali," anasema Mzee Wino akijifuta jasho. "Ingekuwa miwili nisingelala."

Ni hapo tu anapolifunga lile dirisha. Anachomoa kibanio na kukibana kwenye kioo cha fundi.

"Hiki nakuachia. Na usinipigie simu."

"Moto ukiwaka?"

"Wapigie zimamoto."

Kesho yake, saa nne asubuhi, mwandishi wa makala haya yuko tena ofisini humo. Simu ya maabara inaita: majibu yamekwama, na kuna mgonjwa anasubiriwa chumba cha upasuaji. Mzee Wino anachukua simu yake ya mkononi, anaitafuta namba ya Mama Funguo, anaiangalia. Kisha anailaza simu kifudifudi mezani, anavaa miwani na kuandika, vidole viwili. Maabara wanapiga tena.

"Yamefika!"

"Kidole kilikuwa juu ya namba yake," anasema. "Nikajiambia, na huko nako kuna mtu anakuja duniani."

Kabla ya saa sita, Mama Funguo anapiga mwenyewe, na Mzee Wino anaweka spika. Amekuwa bibi, na mjukuu ni wa kike. Akirudi, anasema, atamfundisha karani wa masjala ili ufunguo wa pili nao upate mtu.

"Huko kuna tatizo, mzee?"

"Tatizo gani? Huku kimya kabisa. Hicho kinacholia ni nini?"

"Bosi wangu mpya huyo!"

"Unarudi lini?"

"Likizo yangu ikiisha. Yote, Mzee Wino! Yote!"

Nyuma yake inasikika sauti ya binti, ya uchovu: "Mama, simu tena?"

"Naizima, mwanangu. Mlete nimpakate."

Na kweli, anaizima.