Kidole cha Bwana Nyoosha

Kuna watu wakiona picha imepinda ukutani hawapati usingizi. Meneja wa uwanja wa ndege alikuwa wa kabila hilo. Alinyoosha kola za walinzi, akanyoosha viti vya abiria, siku moja akamnyoosha mfagizi aliyekuwa ameegemea ufagio wake kwa amani. Wafanyakazi wakambatiza Bwana Nyoosha, na jina likamkaa kuliko suti. Mama Mapacha hakuwa na ugomvi na kunyoosha. Ugomvi ulianza siku meneja alipopanda ngazi mia na sita kwenda kunyoosha kazi asiyoijua.

Mama Mapacha alikuwa mwongoza ndege, mwaka wa kumi na tisa huo mnarani. Mwanamke mfupi, wa sauti isiyopanda hata nyumba ikiungua. Mapacha wake walimwogopa zaidi akinong'ona. Mbele yake kila ndege ilikuwa na kikaratasi chake kilichovishwa kibao cha plastiki, vibao vimepangwa juu ya vibao kwenye fremu ya chuma. Kompyuta ya kuchukua nafasi ya vibao iliahidiwa mapacha wakiwa tumboni. Sasa wameota ndevu, kompyuta bado iko njiani, labda inakuja kwa miguu.

Basi waongozaji walikuwa na mtindo wao. Ndege ikiingia kwenye njia ya kurukia na kuambiwa isubiri, kibao chake husukumwa nusu nje ya fremu. Waliita kutoa ulimi. Ulimi ukiwa nje, hakuna ndege nyingine inayoambiwa tua. Hakuna kitabu kilichoandika hivyo, lakini walirithishana mtindo huo kama watu wanavyorithishana shamba.

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, mnarani palitakiwa kuwa na watu wawili: mmoja wa ndege zilizo chini, mmoja wa zilizo angani. Mwenzake Mama Mapacha, kijana waliyemwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzima, alikuwa ametumwa na meneja kubeba maji ya wageni.

"Dada, nikiondoka utakaa viti viwili," Redio alisema.

"Ni dakika kumi tu," meneja akajibu, ingawa hakuulizwa yeye.

Mama Mapacha akanyamaza. Ushike unyamavu huo.

Wageni walikuwa sita, wajumbe wa bodi. Wakajipanga dirishani kupiga picha, migongo kwa mwongozaji. Mama Mapacha akaiambia ndege moja iingie njiani isubiri, akatoa ulimi. Simu ya zimamoto ikalia, akageuka kuipokea. Hapo ndipo Bwana Nyoosha alipoitazama fremu.

"Mbona hiki kimekaa kama jino bovu?" akawaambia wageni, na kwa kidole chake safi akakirudisha ndani.

Ndege ya pili ikaita kutoka angani: iko karibu, inaomba kutua. Mama Mapacha akarudi mezani, akatazama fremu. Vibao vimenyooka kama askari wa gwaride. Akatazama dirisha, akaona makoti. Akasema, "Tua."

Rubani aliyekuwa njiani akisubiri aliyasikia yote, maana redio ni moja. "Mnara," akasema taratibu, "na sisi tuliokaa hapa je?"

Mama Mapacha akaishika maikrofoni. "Usitue, paa tena. Paa sasa hivi," akaiambia ile ya angani, kwa sauti ileile ya kila siku. Magurudumu yakapita juu ya mkia wa mwenzake kwa urefu wa nguzo ya taa. Vioo vikatetemeka. Watu mia moja sitini na tatu, ukijumlisha ndege zote mbili, walibaki na maisha yao bila kujua kwamba yalikuwa yameondoka kidogo.

"Hiyo imepita karibu, ee?" mgeni mmoja akasema. "Nimeipata vizuri sana kwenye video."

Jioni meneja alimletea Mama Mapacha karatasi iliyokwisha kuchapwa, mstari mmoja: Nilisahau kuwa njia ina ndege. Chini, nafasi ya saini.

"Tusikuze mambo," alisema. "Utapewa onyo, utarudi kazini. Ukianza kutajataja watu, leseni yako siwezi kuitetea."

"Kwani nani aliingiza kibao? Wageni walikuwa dirishani."

"Kibao gani?" akauliza Bwana Nyoosha, huku akisawazisha karatasi iende sambamba na ukingo wa meza.

Nyumbani mumewe, fundi cherehani, alisikiliza hadithi yote na sindano mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Saini, Mama Mapacha. Mwenye nguvu mpishe. Leseni ikienda, utakaa hapa unishonee vifungo?"

"Nikisaini, kesho atanyoosha tena."

"Si atakuwa amejifunza?"

"Nani kamfundisha, Baba Mapacha? Mimi niliyenyamaza?"

Hilo ndilo lililomkereketa. Kidole kilikuwa cha meneja, sawa. Lakini mdomo ulikuwa wake. Angeweza kusema Redio haondoki. Angeweza kusema sogeeni dirishani. Neno moja tu. Alilimeza kwa sababu mtu alikuwa bosi na ana wageni, kwa adabu aliyofundishwa tangu utotoni. Na adabu hiyo nusura iwazike watu mia na ushee. Hasira yake ilikuwa na vichwa viwili, na kimoja kilimtazama yeye.

Alhamisi wachunguzi walikuja, wawili. Hakuwapa ule mstari mmoja. Aliwapa kurasa nne alizoandika kwa mkono. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa makosa yake.

"Uliona makoti badala ya njia," mchunguzi mkubwa alisema. "Kwa nini hukuwaambia wasogee?"

"Kwa sababu ni mabosi."

Mchunguzi akaweka kalamu chini. "Unajua jibu hilo linakugharimu?"

"Najua. La uongo lingewagharimu abiria."

Wakaichukua leseni yake, miezi mitatu, mpaka afanye mtihani upya. Meneja? Atahojiwa baadaye, walisema, ratiba yake imebana. Mama Mapacha akashuka na mkoba wake, meno yameumana. Alikuwa hajavuka maegesho simu ikaita. Redio.

"Dada, Nyoosha amenikalisha viti vyote viwili. Amesema ni kwa leo tu."

Alisimama katikati ya magari. "Una ndege ngapi?"

"Mbili angani. Moja chini inataka kuondoka."

"Ya chini ibaki chini. Zilizo angani uzishushe moja moja. Andika kwenye kitabu cha zamu: siwezi viti viwili. Weka saa, weka saini. Sheria inakuruhusu."

"Atanifukuza."

"Akufukuze ukiwa hujaua mtu. Sasa nikatie simu, una kazi."

Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Redio alitii bila kuongeza neno. Dakika mbili baadaye, ndege iliyokuwa chini ikazima injini. Mlango wa ofisi ukafunguka, Bwana Nyoosha akatoka mbiombio kuelekea ngazi za mnara, simu sikioni, akimwahidi mtu kwamba atashughulikia mara moja.

Mama Mapacha alifika mlango wa mnara kabla yake. Akasimama katikati, mkoba kifuani.

"Pisha."

"Hupandi."

"Wewe huna leseni," meneja akafoka. "Huna mamlaka hapa."

"Leseni ya kuongoza ndege sina," alisema, kwa ile sauti ndogo ambayo mapacha wangeisikia wangemwambia meneja akimbie. "Ya kusimama mlangoni haijatungwa. Mwite mlinzi."

Meneja akamwita mlinzi. Mlinzi alikuja polepole, akawatazama wote wawili, akauliza kama kuna mtu amepoteza mzigo.

Juu yao ndege ya kwanza ilishusha magurudumu, peke yake, njia yote ikiwa tupu.