Viatu Visivyouma

Fundi viatu alikuwa na maringo ya aina moja tu, nayo hakuyaficha: kusoma soli. Mletee kiatu kilicholika, atakigeuza juu chini, atapitisha kidole gumba pembeni, kisha atakuambia mwenyewe anatembeaje. "Huyu mkoba wake anauning'iniza bega la kushoto." "Huyu ana haraka, lakini hana anakokwenda." Watu walivunjika mbavu, na wengine walileta viatu vizima kabisa ili wasomewe tu. Mkewe, mpiga pasi wa hoteli ya mtaa wa pili, alizoea kupita kibandani akitoka kazini, akakaa kwenye kigoda cha wateja na kumsikiliza mumewe akijisifu. Alimpenda kwa hilo. Na ndiyo maana alimkasirikia kuliko mtu mwingine yeyote duniani, kwa kuwa msomaji wa miguu ya mji mzima hakutaka kuisoma yake.

Kwenye rafu ya juu ya kibanda kulikuwa na viatu vya marehemu baba wa fundi, naye fundi viatu vilevile. Vyote vilikuwa vya mguu wa kulia, na vyote vipya. Sukari ilianza na kidole cha mzee, ikahamia kwenye unyayo, ikapanda mpaka chini ya goti, na alipokatwa mguu huo alikataa katakata kujishonea kiatu kimoja. Alishona jozi, kila mara jozi, akavaa cha kushoto mpaka kikaisha, cha kulia akakipandisha juu. Alipokufa, mwanawe hakuwa na moyo wa kuvitupa. Alivipangusa vumbi kila alipofagia, na aliyeviulizia bei aliambiwa haviuzwi.

Basi mwana akaapa kwamba yeye hatafika huko. Hakwenda kupima, la hasha, hilo lingekuwa jambo la mtu mwenye akili zake. Alianza kukimbia. Alijiunga na watu wa mtaani wanaokimbia alfajiri, akapungua tumbo, akanunua saa ya kupimia mwendo, na mwaka huu akamtangazia kila mteja kwamba anaingia marathoni, kilometa zote arobaini na mbili.

"Baba alikaa," alikuwa akimwambia mkewe. "Alikaa kwenye kiti hiki maisha yake yote, ndiyo sukari ikamkuta. Mimi itanikutia wapi?"

"Ikukutie hospitali, ukiwa umekwenda mwenyewe kupima."

"Nikishamaliza marathoni utaniomba radhi," alisema, akarudisha vijisumari mdomoni. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi, misumari midogo ya viatu imebanwa midomoni, akitema mmoja mmoja kila nyundo ilipouhitaji. Uliomponyoka hakuutafuta. Sakafu ya kibanda ilikuwa imejaa.

Kisha nyayo zikaanza kuwaka moto. Alikuwa akirudi kutoka mazoezini anavua viatu mlangoni na kukanyaga sakafu ya saruji kwa kujifariji, huku anakunywa maji jagi kwa jagi. Mkewe aliyatazama yale maji yakiteremka kooni, akatazama pembeni. Alijua anachokiogopa, na alikuwa amekisema mara nyingi mpaka kimekuwa kama wimbo wa redioni ambao hakuna anayeusikiliza tena. Fundi alisema ni viatu. Vilikuwa vya zamani, amevitia soli mara mbili kwa mkono wake, kwa mpira uleule aliowatia wateja wote, na mpira huo unashika joto. Akaenda dukani akanunua vipya, vyeupe, vyenye sponji nene. Fundi viatu kununua viatu, mtaa ulimcheka mpaka basi. Vya zamani alivibandua soli akazitupa kwenye lundo la vipande, sehemu ya juu akampa mtu.

Ule moto ukaisha. Kabla mwezi haujaandama ukaisha kabisa.

"Unaona?" alimwambia mkewe, amekaa kitandani anaichezesha miguu kama mtoto. "Vilikuwa viatu. Hivi vipya hata sivisikii mguuni. Nakimbia kama nipo juu ya godoro."

Mke alifurahi. Tumpe haki yake, alifurahi kweli, akapika vizuri siku hiyo, na siku kadhaa akalala bila kuhesabu mabaya. Furaha hiyo ilimtoka kwenye beseni la maji. Jioni moja fundi alirudi amechoka, naye akamchemshia maji ya chumvi, akayamimina, akaacha kidogo yapoe huku akitafuta taulo. Aliporudi mume alikuwa ameshatumbukiza miguu yote miwili na anasimulia habari za kilima alichokipanda bila kusimama. Mke akachovya mkono kuyapima, akautoa mara moja. Hiyo ni mikono iliyoshika pasi ya mvuke miaka na miaka, mikono ambayo wenzake kazini walikuwa wakiitania kwamba ni ya chuma.

"Toa miguu," alisema.

"Mbona nasikia raha?"

"Toa miguu, nimesema."

Aliitoa. Ilikuwa imeiva mpaka vifundoni. Fundi aliitazama kama anaangalia ya mtu mwingine, kisha akacheka na kusema kwamba wakimbiaji huota ngozi ngumu.

Kesho yake mke alimfuata wifi yake, dada mkubwa wa fundi, aliyemuuguza mzee mpaka mwisho. Alimkuta anaanua nguo. Alimweleza yote, moto wa nyayo, maji, viatu vipya, beseni. Wifi hakumkatiza. Alikunja shuka lile lile mara mbili.

"Wifi, na baba alifurahi hivyo hivyo," alisema mwishowe. "Miguu ilimuwaka, kisha ikaacha. Akasema dawa za mitishamba zimefanya kazi. Alitununulia soda sote nyumbani."

"Sasa nifanyeje? Hanisikii mimi."

"Hasikii mtu yule. Anasikia viatu tu."

Maneno hayo mke alitembea nayo njia nzima. Siku iliyofuata alipita kibandani mapema kidogo, mume akiwa amekwenda kununua gundi, akapekua lile lundo la vipande. Soli moja aliitambua kwa tone la rangi ya mlango wa nyumbani kwao. Akaufuta udongo, tone lile akalikwangua kwa kucha mpaka likatoka. Aliporudi fundi alimkuta amekaa kwenye kigoda chake, soli mapajani.

"Kuna mtu kaniachia hii kazini," alisema. "Anataka umsomee."

Fundi aliipokea akitabasamu. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba, akairudia tena. Tabasamu lilipungua, likabaki la kazi tu.

"Huyu ni mtu mzima," alisema. "Tazama hapa mbele kulivyolika, anaburuza ncha. Halafu kisigino anakibwaga, hakiweki. Anashusha mguu kama mtu anayeshuka ngazi gizani, hajui ya mwisho iko wapi. Mwambie aende hospitali haraka, miguu yake imekufa ganzi. Nilishaona soli za namna hii." Hakutazama juu kwenye rafu, lakini shingo yake ilianza kugeuka, ikaacha. "Ni nani?"

"Ni wewe."

Nje mtu alikuwa akibishana na muuza maji. Fundi aliishika ile soli kwa mikono miwili, akaikunja, akaitafuta alama ya kisu chake pembezoni, akaiona. Mkewe alidhani sasa atalia, au atamkumbatia, au watafunga kibanda waende pamoja. Badala yake alikasirika. Alisema soli haina jina. Alisema tangu lini mpiga pasi akamtega fundi kwa kazi yake mwenyewe. Alisema mambo mengine ambayo tusiyarudie, maana aliyajutia kabla hayajamtoka yote.

Usiku chakula kilipoandaliwa alikula kimya, kisha akasema, shingo upande, "Mbio ni wiki ijayo. Zikipita tu, Jumatatu, nakwenda kupima. Mimi na wewe. Nimekubali."

Na mke akakubali naye. Alijiambia kwamba wiki si kitu, kwamba mtu mbishi ukimpata nusu umempata. Aliogopa kumvuta zaidi asije akakatika kabisa. Lakini wiki ile pasi ilimuunguzia mashati ya watu, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

Mazoezi ya mwisho marefu yalikuwa Jumapili ya kabla ya mbio. Fundi hakuondokea nyumbani. Viatu vyeupe alikuwa anavihifadhi kibandani, chini ya meza ya kazi, visichafuke kwa watoto wa jirani wanaoingia na kutoka. Alipita pale, akavivaa palepale, akaenda zake. Mkewe alifua, akaanika, akafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Jua lilikuwa limepanda aliposikia mlango.

Aliingia anang'aa. Hakuwahi kukimbia vizuri namna hiyo, alisema, wenzake wote amewaacha, miguu ilikuwa inakwenda yenyewe. Alijitupa kwenye kiti akanyoosha miguu mbele. Mke alimletea maji. Alipoinama kumpa kikombe akaona kiatu cha kulia. Sponji nyeupe ilikuwa imegeuka rangi upande wa ndani, kuanzia katikati mpaka kisigino, rangi ya matofali.

"Ni tope," fundi alisema, akiwa anakunywa.

Mvua haikuwa imenyesha. Mke alipiga magoti, akafungua kamba, akavuta kiatu taratibu. Soksi ilikuwa imelowa, nzito. Chini yake, kwenye unyayo, kichwa cha msumari wa viatu kilikuwa kimetulia kama kifungo.

"Nini?" fundi aliuliza. Aliuona uso wake. "Sema, nini?"

"Msumari. Wa kwako. Ulikuwa ndani ya kiatu tangu unakivaa."

Fundi hakuipenda damu tangu utotoni, na sasa alishika mikono ya kiti, akageuza uso ukutani, akafumba macho na kuuma meno. Mke aliubana msumari kwa kucha mbili akauvuta. Ulitoka wote, mrefu kuliko alivyotegemea, na damu ikaufuata kidogo, ya giza. Aliusikiliza mguu aliokuwa ameushika kama utashtuka. Haukushtuka.

"Vuta basi," fundi alisema, macho bado yamefumbwa. "Nimeshajikaza."

Mke alikifungua kiganja chake na kungoja, mpaka mumewe alipofumbua macho na kuuona msumari umelala humo.

Fundi aliutazama. Kisha akavua soksi, akaupandisha mguu wake wa kulia juu ya goti, akaugeuza unyayo kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba pembeni, polepole, kama alivyofanya kwa viatu vya watu wote. Alibonyeza karibu na tundu. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, mpaka ukucha ukaacha alama.

"Huyu," alianza kusema, na sauti ikamkatikia hapo.

Mkewe aliinuka akaenda chumbani kumtafutia ndala pana na kitambaa safi cha kufungia, maana Jumatatu ya baada ya mbio ilikuwa mbali mno.